Kuondolewa Kizazi: Nani Mwenye Neno la Mwisho?



Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tumezoea kuombeana kwa majina. Mgonjwa wa malaria hutajwa pamoja na ugonjwa wake; aliyevunjika mguu hutajwa; siku hizi hata wenye kisukari na shinikizo la damu hawaoni haya kutajwa. Lakini akiwapo mama anayesubiri kwenda kuondolewa kizazi, sauti hushuka. Huombewa kwa nia yake ya moyoni, nasi sote huinamisha vichwa kana kwamba hatujui. Sala ikiisha, minong’ono huanza njiani. Je, atabaki kuwa mwanamke? Mumewe atafanyaje? Wakwe wamekubali? Je, si dhambi? Mwenye tumbo ndiye pekee ambaye hakuna anayemwuliza kitu.

Huenda msomaji akashangaa kuona jambo hili katika kijarida cha Tume ya Haki na Amani. Tumezoea kusoma humu habari za mashamba yaliyoporwa, za rushwa, za uchaguzi na za wajane walionyang’anywa nyumba. Upasuaji wa akina mama unahusianaje na hayo? Jibu letu ni hili. Popote ambapo uamuzi mzito juu ya mtu unafanywa pasipo yeye kuambiwa ukweli, au unafanywa na wengine kwa niaba yake ilhali yeye ana akili timamu na kinywa cha kusemea, hapo haki imevunjwa. Na imevunjwa hata kama waliofanya hivyo walikuwa na nia njema. Kwa hiyo tunauweka msimamo wetu wazi tangu mwanzo: kazi ya kupima faida na hasara za kuondolewa kizazi ni ya mwanamke mwenyewe, akiwa amepewa ukweli wote. Daktari, mume, ukoo na padre ni wasaidizi wake katika kupima huko. Si mahakimu wake.

Hatuna budi kukiri kwamba ziko hali ambazo mizani haina muda wa kutulia. Mama amejifungua, damu inatoka kama maji ya bomba, dawa zimeshindwa, au mji wa mimba umechanika kwa uchungu uliokwama kwa siku mbili kijijini. Hapo kuondoa kizazi ndiko kuokoa maisha, na daktari anayesitasita anaweza kumpoteza mama. Jambo hili si la jana. Mwezi Mei 1876, mjini Pavia huko Italia, daktari Edoardo Porro alimtoa mtoto kwa upasuaji, kisha akauondoa mfuko wa uzazi ili kuzuia damu na maambukizo. Mama na mtoto wakapona wote wawili. Kabla ya siku hiyo, mama aliyepasuliwa ili ajifungue alihesabiwa karibu kuwa maiti.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba kila kizazi kilichotolewa chumba cha kujifungulia hakikuwa na njia nyingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba damu inayotoka ikipimwa mapema kwa kukingwa katika mfuko wenye alama za vipimo badala ya kukadiriwa kwa macho, na dawa, maji ya mshipani, ukandaji wa tumbo na uchunguzi vikatolewa kwa pamoja bila kungojana, matukio ya damu kutoka kupita kiasi pamoja na madhara yake makubwa hupungua kwa asilimia 60. Asilimia sitini! Na vitu vyenyewe si vya anasa. Basi, mama anapopoteza kizazi kwa sababu zahanati haikuwa na dawa, au kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa bila mafuta, tusimwambie kuwa ni mapenzi ya Mungu. Hapo pana uzembe wa watu, nao una anwani.

Saratani nayo ina mizani yake. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa nchi yetu miongoni mwa saratani zote. Ikigunduliwa ingali changa, kuondoa kizazi kwaweza kumponya mama kabisa. Ikigunduliwa imekwisha kuenea, kisu hakisaidii tena, na mgonjwa hupelekwa kwenye mionzi, Ocean Road au Bugando. Mwanamke wa namna hii tumwambie ukweli kwa upole, na tumsindikize upesi. Kumkawiza kwa vikao vya ukoo ni kumwibia siku zake.

Lakini wanawake wengi wanaotujia ofisini si wa makundi hayo mawili. Hawafi leo wala kesho. Wana uvimbe katika kizazi, ule ambao waganga huuita fibroidi na ambao si saratani. Au hedhi yao imekuwa mafuriko ya siku kumi. Au kizazi kimeshuka kwa sababu ya kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito. Au wana maumivu yasiyoisha. Hapo ndipo mizani inapohitajika kweli, na hapo ndipo tunapoona watu wakiamuliwa badala ya kuamua.

Tuanze na faida, maana wako wanaozidharau. Mwanamke aliyetokwa damu kupita kiasi kwa miaka, akaishiwa damu mwilini hata akashindwa kupanda kilima cha kwenda kanisani, baada ya upasuaji uliofanikiwa hupata maisha mapya. Damu inakoma moja kwa moja. Uvimbe haurudi tena, kwa kuwa pa kuota hapapo. Maumivu yaliyotokana na kizazi chenyewe humwacha. Hulala usiku, hulima, husafiri bila kufunga kitambaa cha akiba ndani ya mkoba. Wamo katika parokia zetu wanawake wanaosema kwamba wanajuta jambo moja tu, nalo ni kuchelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyewahi kuficha nguo yenye damu mbele ya watoto wake asiwe mwepesi wa kusema kuwa hiyo ni hali ya kawaida ya wanawake.

Sasa hasara. Huu ni upasuaji mkubwa, hata ukifanyika kupitia ukeni au kwa matundu madogo tumboni badala ya mkato mrefu. Una hatari za nusu kaputi, za kutokwa damu, za kidonda kuoza, za damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu na kukimbilia mapafuni. Kibofu na mirija ya mkojo viko jirani kabisa na kizazi. Mkono ukikosea, mama anaweza kutoka hospitalini akivuja mkojo, yaani akiwa na fistula, nasi tunajua jinsi jamii inavyowatendea wenye ugonjwa huo. Mambo haya hayawapati wengi, lakini yanawapata baadhi, na mwenye kutahadharishwa hujua afanye nini dalili zikianza.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi ipasavyo. Kuondolewa kizazi na kuondolewa ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, si kitu kimoja. Kizazi kikitoka na ovari zikabaki, hedhi inakoma, ila mwili unaendelea kupata vichocheo vyake, ingawa ukomo wa hedhi waweza kuja mapema kidogo. Ovari zote mbili zikitolewa kwa mwanamke ambaye bado hajafikia umri huo, anaingia katika ukomo huo kwa siku moja: joto la ghafla, usingizi kupotea, ukavu ukeni, na baada ya miaka, mifupa kudhoofika na hatari ya magonjwa ya moyo kuongezeka. Tumeongea na wanawake waliopasuliwa ambao hawajui hadi leo kama ovari zao zimo au hazimo. Hawakuambiwa, nao hawakuuliza. Tena wako waliobakiziwa mlango wa kizazi, wanaodhani wamekwisha kuepukana na saratani yake, kumbe wanapaswa kuendelea kupimwa kama wanawake wengine.

Na ziko wiki sita za baada ya upasuaji, wakati mwingine nane. Vitabu vya hospitali huandika: asibebe kitu kizito. Ni rahisi kuandika. Ndoo ya maji ya lita ishirini ni kitu kizito. Mtoto wa miaka miwili mgongoni ni kitu kizito. Mzigo wa kuni, jembe, gunia la mahindi, sufuria ya ugali wa watu tisa, vyote ni vizito. Katika kupima kwetu hatuwezi kuihesabu gharama ya upasuaji kwa fedha za hospitali peke yake tukaisahau gharama ya nani atakayeteka maji. Mwanamke anayerudi kisimani wiki ya pili kwa sababu hakuna wa kumsaidia amepewa tiba nusu.

Kisha yafaa aulize: je, kuna njia iliyo ndogo kuliko hii? Mara nyingi ipo. Uvimbe usiomsumbua mwanamke hauhitaji kutolewa. Ni jambo la kawaida mno, na kwa kawaida husinyaa wenyewe hedhi ikishakoma. Mama wa miaka arobaini na minane anaweza kuvumilia kwa kusaidiwa na dawa za kupunguza damu na vidonge vya madini ya chuma hadi afike ukomo wa hedhi, naye asihitaji kisu kamwe. Kijana wa miaka thelathini na miwili anayetamani watoto anaweza kutolewa uvimbe peke yake na kizazi kikabaki, ingawa aambiwe kwamba uvimbe waweza kuota tena. Aliyeshukwa na kizazi anaweza kusaidiwa kwa kipete kinachowekwa ukeni ili kukishikilia, au kwa upasuaji wa kukipandisha. Daktari asiyetaja lolote kati ya hayo, akaanza moja kwa moja na tarehe ya upasuaji, hajampa mgonjwa wake nafasi ya kuchagua.

Hapa tuingize neno kuhusu dawa za homoni. Wako waamini wema wanaozikataa dawa walizoandikiwa kwa ajili ya damu kwa sababu wamesikia kwamba ni dawa za kuzuia mimba, nao hawataki kutenda dhambi. Hofu yao tunaiheshimu, lakini haina msingi. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, aya ya 15, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kweli ili kuponya ugonjwa wa mwili si haramu, hata kama inaleta kizuizi cha uzazi kinachotazamiwa, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Ni ajabu kumwona mtu akikataa kidonge kwa kuogopa dhambi, halafu akaishia kuondolewa kizazi chote.

Tumesema kwamba mwanamke apewe ukweli wote. Tuone basi ilivyokuwa mahali ambapo hakupewa, na tuchukue mfano ulio chungu kwetu sisi Wakatoliki. Mjini Drogheda, nchini Ireland, ilikuwako hospitali ya Mama Yetu wa Lourdes, iliyoendeshwa na shirika la watawa wamisionari hadi mwaka 1997. Kati ya mwaka 1974 na 1998 daktari mmoja bingwa wa hapo, Michael Neary, aliwaondoa vizazi wanawake 129 wakati wa kujifungua au mara baada yake. Baadhi walikuwa wasichana waliozaa mtoto wao wa kwanza. Waliambiwa kwamba walikuwa wamenusurika kifo, nao wakamshukuru daktari kwa kuwaokoa. Mambo yalifichuliwa na wakunga mwaka 1998. Hata hapo, madaktari watatu wenzake walipoyapitia mafaili tisa ya wagonjwa walisema hawaoni kosa. Baadaye uchunguzi mwingine uliona kosa waziwazi. Mwaka 2003 akafutwa katika orodha ya madaktari, na mwaka 2006 ikatoka ripoti ya Jaji Maureen Harding Clark, iliyoeleza jinsi heshima ya kupita kiasi ilivyoziba vinywa vya watu. Mafaili mengi yalikuwa yametoweka.

Tunasoma habari hizo kwa majonzi. Msalaba ulikuwa ukutani. Sala zilisaliwa asubuhi. Wauguzi waliona, wengine walihisi, na kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyemzuia. Sisi wa Afrika Mashariki tunajivunia hospitali zetu za misheni, tena kwa haki, maana zimewafikia maskini pale ambapo wengine hawakufika. Lakini jina la mtakatifu juu ya mlango halitoshi kuwa dhamana ya haki ndani ya chumba cha upasuaji. Muuguzi mdogo lazima aweze kumwuliza daktari mkubwa, “Kwa nini?” na abaki na kazi yake.

Mfano wa pili unatoka India, katika wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra. Huko maelfu ya familia maskini huhama kila mwaka kwenda kukata miwa. Mume na mke huajiriwa pamoja, wakihesabiwa kama panga moja, na hupewa malipo ya kutangulia ambayo hugeuka deni. Siku isiyofanyiwa kazi hukatwa fedha. Mwanamke mwenye hedhi nzito, asiye na choo wala maji shambani, ni hasara kwa mwajiri na kwa nyumba yake. Mwaka 2019 serikali ya jimbo iliunda kamati ya kuchunguza, nayo ikakuta kwamba kati ya wanawake wakata miwa wapatao 82,000 wa wilaya hiyo, zaidi ya 13,000 walikuwa wameondolewa vizazi, wengi wakiwa bado vijana. Hakuna aliyewafunga kamba. Walikubali, wengine walikopa ili wapasuliwe. Je, huo ndio uhuru? Mtu anayekitoa kizazi chake ili asikatwe mshahara hakupima faida na hasara za tiba. Amepima njaa. Tunawasihi wenzetu wa parokia zenye mashamba makubwa na viwanda wautafakari mfano huu: je, akina mama wanaofanya kazi huko wana vyoo, wana maji, wana ruhusa ya kuugua?

Wako watakaotusoma hadi hapa wakahitimisha kwamba tunapinga upasuaji huu. Sivyo. Dhuluma ya upande wa pili ndiyo tunayokutana nayo mara nyingi zaidi vijijini kwetu. Mama mmoja wa watoto wanne, ambaye hatutamtaja wala kutaja anakokaa, alitokwa damu kwa miaka mitatu. Daktari alishampa dawa, zikashindwa; alishaongezewa damu mara mbili; akamshauri kuondolewa kizazi, naye mama akaridhia. Hospitali ikadai saini ya mume. Mume akasema lazima aongee na kaka zake. Kaka wakasema watoto wa kiume ni mmoja tu kati ya wanne, tena mdogo, basi tungoje. Walingoja nini? Walingoja apate mimba ndani ya kizazi kile kile kilichokuwa kinamwua. Kikao kilikaa mara tatu, chai ikanywewa, na yeye ndiye aliyeichemsha.

Injili inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akatumia mali yake yote kwa waganga wengi asipate nafuu, bali hali yake ikazidi kuwa mbaya (Mk 5:25-34). Mahubiri mengi husifu imani yake, na ni vema. Lakini tuangalie pia kwamba hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Alipita kati ya umati, akanyosha mkono. Naye Bwana hakumkemea kwa hilo. Alimfanya aseme ukweli wote mbele ya watu, kisha akamwita binti.

Mazoea ya kudai saini ya mume yanatakiwa yaachwe. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetoa idhini ya upasuaji wa mwili wake. Ni kweli kwamba mke na mume ni mwili mmoja, na tungetamani kila mke azungumze na mumewe kabla ya jambo zito kama hili, kama vile tungetamani mume azungumze na mkewe kabla ya kwenda kupasuliwa tezi dume. Je, kuna hospitali inayomrudisha mwanamume nyumbani kwa kukosa saini ya mkewe? Kushauriana ni wajibu wa ndoa. Kura ya turufu haimo katika ahadi zilizowekwa altareni.

Nalo Kanisa linasema nini? Tunaulizwa hivyo kila mara, na wengi wanadhani jibu ni hapana. Tuseme kwa usahihi. Kizazi kilicho na ugonjwa mzito ni kiungo kigonjwa, na ni halali kukiondoa kama ilivyo halali kukata mguu uliooza, hata kama mwanamke hatazaa tena. Mwaka 1993 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Roma ilithibitisha kwamba kizazi kilichoumia vibaya, kwa mfano wakati wa kujifungua, chaweza kutolewa ili kuepusha hatari kubwa iliyopo kwa uhai au afya ya mama. Hapo hapo ilikataa kizazi kisicho na hatari kwa sasa kuondolewa kwa nia ya kuzuia tu mimba zijazo, ambazo zingeweza kuleta hatari. Kisha katika jibu la mwezi Desemba 2018, lililotangazwa Januari 2019, ilieleza hali nyingine: wataalamu wakiwa na hakika kwamba kizazi kimeharibika kiasi kisichoweza tena kubeba mimba hadi mtoto aweze kuishi nje ya tumbo, kukiondoa ni halali, kwa sababu hakuna uzazi unaozuiwa. Na ikaongeza kwamba si lazima kufanya hivyo. Uamuzi ni wa wanandoa wenyewe, wakizungumza na madaktari na mlezi wao wa kiroho.

Msomaji atazame vizuri mpangilio wa watu katika jibu hilo. Padre amewekwa mwishoni, naye amewekwa kama mtu wa kuzungumza naye. Tuliposoma maadili seminarini, mambo haya yalichukua vipindi vichache, na waliokuwa wakiyajadili darasani walikuwa wanaume peke yao. Inafaa jambo hilo litupe unyenyekevu. Mapadre wenzetu, na ninyi makatekista mnaoulizwa kabla yetu, mama akija na karatasi ya daktari, msimtazame kama anayeomba kibali cha kutenda dhambi. Mwulizeni anaumwa nini. Mwulizeni kama amepata maoni ya daktari wa pili. Msiposielewa maneno ya kitabibu, mtafuteni muuguzi mwamini awaeleze kwa siri.

Suala la ndoa ndilo linalowatisha wanawake wengi kuliko kisu chenyewe. Tunasema bila kuzungusha maneno: ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, kifungu cha tatu. Mwanamke asiye na kizazi anaweza kufunga ndoa kanisani, ilimradi asimdanganye mchumba wake, kwa kuwa udanganyifu ni jambo jingine. Na mwanamume ambaye mkewe ameondolewa kizazi hana ruhusa yoyote ya kumrudisha kwao, wala ya kumwoa mwingine kwa kisingizio cha kutafuta watoto. Anayefanya hivyo amemwacha mkewe katika ugonjwa, na alikwisha kuahidi kinyume chake. Ile hoja kwamba mke “amekuwa mwanamume” ni upuuzi. Baada ya miezi michache, jeraha likipona, wanandoa wengi huendelea na maisha yao ya unyumba kama awali, na wengine vizuri zaidi kwa kuwa maumivu yameondoka.

Halmashauri za walei na WAWATA mna kazi hapa, tena si ya fedha nyingi. Jumuiya inaweza kupanga zamu ya maji na kuni kwa wiki sita nyumbani kwa aliyepasuliwa. Tunajua parokia zinazopanga zamu kama hizo kwa ajili ya msiba, basi zipangwe kwa aliye hai pia. Vijana wanaweza kuchangia damu kabla haijahitajika, kwa kuwa upasuaji huahirishwa mara nyingi kwa kukosa chupa mbili za damu. Akina mama waitwe kupimwa mlango wa kizazi, kipimo ambacho katika vituo vingi hufanyika kwa siki na huchukua dakika chache, na mabinti wapelekwe kupata chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018. Uvumi kwamba chanjo hiyo huwafanya mabinti wagumba ni uongo, na viongozi wa jumuiya waukanushe waziwazi.

Na mama anapokwenda kuonana na daktari asiende peke yake. Aende na mtu anayemwamini, awe dada, shoga au mume mwema, anayejua kusoma na asiyeogopa koti jeupe. Waulize pamoja: ugonjwa wenyewe unaitwaje? Nisipopasuliwa, nini kitatokea, na baada ya muda gani? Kuna tiba gani nyingine, na kwa nini hazinifai mimi? Mtatoa nini hasa, na ovari mtaziacha? Nani atakayepasua, naye ameufanya upasuaji huu mara ngapi? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Anayechukia, basi mama ashukuru kwa kumgundua mapema, atafute mwingine.

Kwa wale wanaopasuliwa kwa dharura, wasioweza kuulizwa kwa kuwa wamezimia, haki yao inakuja baadaye: waelezwe, wakiwa wamezinduka na wametulia, ni kitu gani kilichotolewa na kwa sababu gani. Tumekutana na mwanamke aliyehangaika miaka minne akitafuta mimba, akila dawa za miti na kufunga novena, hadi kipimo cha ultrasaundi katika mji mwingine kilipoonyesha kwamba hana kizazi. Kilitolewa siku alipojifungua mtoto wake wa mwisho, na hospitali ile haikumwambia. Kwa hiyo kila anayetoka wodini adai karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa upasuaji aliofanyiwa, aombe asomewe kwa Kiswahili, kisha aitunze pamoja na cheti cha ubatizo na hati za shamba.